Rangi ya Udongo

Mgeni aliingia bila hodi, akasimama katikati ya chumba changu cha kutengenezea redio kule Tororo, kofia ya reli mkononi. Nilimsalimia mara mbili, hakuitikia. Mwaka huo wa sabini na saba, chini ya utawala wa wanajeshi, mtu asiyeitikia salamu alikuwa mtu wa kuogopwa. Niliweka chini chuma cha kulehemu, nikaanza kukumbuka ni nani nimemwambia nini juma lile.

"Kijana, sema ukiniangalia," akasema. "Mimi dereva ya treni. Miaka ishirini na sita ndani ya injini. Masikio nakwisha."

Ndipo nilipopumua.

Aliitwa Egau. Ndani ya kofia yake alikuwa amehifadhi karatasi iliyokunjwa mara nyingi: mchoro wa amplifaya ya Kiingereza, mashine ya kukuza sauti, ile ya valvu za kioo ambayo mafundi wa zamani waliitaja kwa heshima. Klabu ya wafanyakazi wa reli ilikuwa nayo moja. Niliwahi kuisikia nikiwa mwanafunzi, nimesimama nje ya dirisha Jumapili mchana, besi ikitikisa vioo, nikaamua palepale kwamba nitasomea mambo hayo. Mwaka uliotangulia wanajeshi waliibeba, na hakuna aliyethubutu kuuliza wameipeleka wapi.

"Uniundie pacha yake," mzee akasema. Alikuwa na tepu ya sauti ya mkewe, Akwi, aliyefariki mwaka mmoja nyuma. "Kwa mashine ndogo naona tepu inazunguka tu. Sauti hakuna. Matanga tunamaliza Jumamosi ya tatu kutoka leo. Nataka nimsikie siku hiyo, kabla masikio hayajafunga kabisa."

Nilitikisa kichwa kukubali. Akanikazia macho.

"Watu wote wananitikisia kichwa, halafu wanasahau. Sema kwa mdomo, nione."

"Utamsikia," nikasema polepole.

Alitazama midomo yangu, akavaa kofia, akaondoka.

Nilikuwa nimetoka Makerere na shahada ya uhandisi, na kiwanda kilichoniahidi kazi kilikuwa kimefunga lango. Nilikuwa nimepewa nusu ya duka na Habibah, mama wa makamo ambaye wote tulimwita Mama Madina. Aliuza vitenge, akivuka mpaka pale Busia kila siku ya soko, enzi zile ambapo hata sabuni ilitujia kwa magendo.

Niliunda sanduku la amplifaya kwa bati la debe la mafuta. Transfoma niliitoa kwenye gramafoni iliyokufa, valvu nikazipata kwa padri mmoja aliyekuwa na projekta mbovu. Zilibaki resista tu, vile vijiti vidogo vya kupunguza umeme, na hizo ziliuzwa ng'ambo, upande wa Kenya.

"Karatasi yako sibebi tena," Mama Madina akaniambia. Safari iliyopita askari wa kizuizi cha barabarani aliikuta orodha yangu ya namba na herufi, akadai ni maandishi ya majasusi, akamkalisha chini juani mpaka alasiri. "Niwekee kichwani. Kichwa hawakipekui."

Resista hutambulika kwa mistari ya rangi, naye alikuwa mtu wa rangi. Nilimfundisha moja baada ya nyingine, akazishika kama anayeagiza nyuzi za kufumia. Mbili za mwisho ndizo zilizokuwa muhimu kuliko zote, zile za miguuni pa valvu kubwa.

"Njano, zambarau, kahawia," nikasema.

"Kahawia ndiyo nini? Hicho kitambaa sijawahi kuuza."

"Rangi ya udongo, Mama Madina."

"Si useme hivyo tangu mwanzo, mhandisi! Njano, zambarau, udongo."

Alirudi na resista zote ndani ya kopo la vifungo, na chini yake barua. Shule moja ya sekondari ya ng'ambo ilinitaka kufundisha hisabati na fizikia. Mama Madina mwenyewe alikuwa amenisemea kwa mke wa mwalimu mkuu. Nilitakiwa kufika Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe anayefuata. Ilikuwa Jumamosi ileile ya Mzee Egau.

Nilipiga hesabu zangu. Ningemaliza kazi Ijumaa, nimkabidhi mzee mashine, na asubuhi nipande pikapu ya saa mbili kwenda Busia. Hakukuwa na gari jingine.

Ijumaa mchana niliunganisha redio nijaribu. Valvu ziliwaka taratibu, rangi ya makaa. Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi usoni, na nilipoipandisha ikakwaruza na kupasuka. Nikakagua kila kiungo. Nikabadilisha valvu. Nikageuza nyaya za transfoma. Jioni umeme ukakatika, mashine ikiwa bado inanong'ona.

Asubuhi Mama Madina alinikuta nimeipindua tena, begi langu liko mlangoni. Alikuwa ameniletea chapati za safari.

"Gari linajaa, Wandera. Nenda. Mzee atasikia kidogo atakachosikia."

"Hatasikia chochote, Mama. Hebu nitajie tena zile mbili za mwisho."

"Njano, zambarau, udongo."

"Udongo gani?"

Alinitazama kana kwamba nimepigwa na jua, kisha akanyoosha mkono nje ya mlango. Barabara ya Tororo ilikuwa imelala pale, nyekundu kama damu ya kuku.

"Kwenu udongo ni wa kijani?"

Kwetu ni Bulumbi, kando ya bwawa, na udongo wa shamba la baba ni wa kahawia. Nilifuta vumbi kwenye resista zile kwa kidole chenye mate. Mstari wa tatu ulikuwa mwekundu. Nilikuwa nimezilehemu bila kuzisoma, mimi na shahada yangu. Nguvu yake ya kuzuia umeme ilikuwa mara kumi ya ile iliyotakiwa, na valvu kubwa zilikuwa zinakufa njaa.

Nikaanza kucheka, macho yananiuma. "Ulileta mbili tu?"

"Mwenye duka alikataa kuzikata kwenye karatasi yake, akaniuzia nzima. Zimo zote kwenye kopo, ishirini na tano. Nilidhani zilizobaki nitazishona kama vifungo."

Mara kumi. Na resista kumi zikifungwa pamoja ubavu kwa ubavu, nguvu yake hugawanyika kwa kumi. Nilihitaji mafungu mawili.

Nje, pikapu ilipiga honi. Mama Madina alitazama begi, akanitazama mimi.

"Mke wa mwalimu mkuu nitamwambia nini?"

"Mwambie nilikuwa nimeshatamka neno."

Alisikiliza gari likiondoka, kisha akapuliza jiko la mkaa, kwa kuwa umeme ulikuwa haujarudi, akanipashia chuma cha kulehemu. Tulifunga zile resista kumi kumi kama matita ya kuni. Nililehemu, yeye akihesabu, na kila mara aliposema "udongo" alinipiga bega.

Saa tano umeme ulirudi. Tuliibeba mashine kwenye baiskeli hadi nyumba za reli.

Watu walikuwa wamejaa uani na sebuleni. Mzee Egau alikuwa ameketi mbele ya spika, amevaa sare yake ya udereva, iliyopigwa pasi. Niliunganisha nyaya za spika na za mashine yake ya tepu. Valvu zilipokuwa zinapata moto, king'ora cha kiwanda cha saruji kilitangaza saa sita. Nilikisikia hadi mwisho wake. Kisha nikabonyeza tepu.

Nilitegemea wimbo. Kwanza ulikuja mwangwi wa chumba, kikombe kikawekwa mezani, halafu sauti ya mwanamke, nzito na karibu sana, hata waombolezaji wakageuka kumtafuta. Akwi alikuwa Mpadhola na mumewe Mteso, kila mmoja na lugha yake, kwa hiyo nyumbani walizungumza Kiswahili cha reli.

"Hii mashine nashika kweli?" akauliza. Akacheka. Halafu akapaza sauti: "Egau! Funga mlango, kuku nakuja ndani!"

Mzee aliinuka. Alipita katikati ya watu, kofia mkononi, akaenda hadi mlangoni, akaufunga.