Kiti Kwenye Kamba ya Nguo

Dada alikuwa anakuja jioni kumchukua mama akaishi kwake. Hakuomba; alipiga simu akanipa taarifa, kama mtu anayetangaza mgao wa maji. Alisema mgonjwa hulelewa na mtu mwenye utulivu, na mimi tangu tumboni sijawahi kutulia. Akamalizia kwamba hata kiti cha mama nimekiacha kikaota kutu.

Hilo la kutu lilinichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Basi asubuhi, badala ya kukaa nifikiri, nilikifungua kiti chote cha magurudumu, skrubu baada ya skrubu, ndipo nikamwita rafiki yangu Kobe aje na pampu yake. Kobe ni mpiga rangi wa magari, na jina hilo hakulipata kwa bahati.

Alipoona vyuma vimetapakaa uani aliuliza mama amekaa wapi. Nikasema kitandani. Akauliza je, akitaka kutoka? Nikampa msasa.

Tulisugua mpaka kutu yote ikatoka, mimi kama ninayegombana na chuma, yeye kama anayebembeleza mtoto. Kisha akavifuta vyuma kwa kitambaa chenye thina, dawa ya kuondoa mafuta, na kuniagiza jambo moja tu: visiguswe kwa mkono mtupu. Akaanza kukoroga praima, ile rangi ya kwanza inayoshika chuma ili ya pili ipate pa kushika. Alikoroga, akachungulia kopo, akakoroga tena. Mwili ulikuwa unaniwasha kwa kusubiri.

Mama akaita. Nikaenda nikamgeuza, nikamkanda miguu kwa mafuta yake ya mchaichai kama kila asubuhi, nikarudi mbio. Kobe bado anakoroga. Nikaona nimsaidie, nikavitundika vyuma kwenye kamba ya nguo.

Pampu ikaunguruma. Rangi ya kijivu ikatua laini kama vumbi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua. Kisha Kobe akazima. Kwenye kibao cha kuwekea miguu rangi ilikuwa inakimbia, inajikunja, inaacha vitundu vya chuma kitupu. Vitundu vikaungana vikawa vidole vinne, kisha kiganja kizima.

Akanivuta mkono, akaunusa. Hakusema kwamba haraka haina baraka. Anajua ningemrushia kopo. Alisema tu kwamba mafuta na rangi ni wake wenza, hawakai nyumba moja, na kwamba sasa tungoje ikauke, tusugue, tuanze upya.

Kungoja! Niliingia ndani nikatoka. Nikashika fagio, akaninyang'anya, vumbi lisije likanasa. Nikagusa fremu kwa ncha ya kidole nione imekaukaje, nikaongeza alama nyingine. Kobe akafumba macho kama mtu anayeumwa jino.

Dada hakungoja jioni. Alisimama mlangoni pa ua, akatazama kiti cha mama kilivyoanikwa vipande vipande kama nguo, akaingia chumbani, akatoka.

"Umemfunga mama kitandani," alisema.

Nikajua nimempoteza mama kwa mikono yangu mwenyewe. Kobe, ambaye kumtoa neno ni kazi, alionyesha kile kibao na kueleza habari ya mafuta. Dada akauliza mafuta gani.

"Ya miguu ya mama," Kobe akasema. "Humkanda kila asubuhi."

Dada alikiangalia kile kiganja kwa muda mrefu. Lakini huyo ni dada yangu, hashindwi kirahisi. Akasema kukanda miguu hata yeye anajua, akaingia ndani, akaanza kukunja kanga za mama na kuzitia kwenye begi. Nikabaki mlangoni nikimtazama.

"Siondoki bila kiti changu," mama akasema.

Dada akamwambia kitafuata kesho.

"Nyie mnayo miguu, tangulieni. Mimi kiti changu kikikauka ndipo tutazungumza." Akageukia ukutani, na nikaona bega lake likitikisika kwa kicheko.

Dada akatoka uani na begi mkononi, akamuuliza Kobe kitakauka lini. Kobe akatazama mbingu. Akatazama kopo. Akanitazama mimi, tena kwa utulivu wake ule unaoniudhi tangu utotoni.

"Rangi hii, dada, haitaki kuharakishwa."

Dada akashusha pumzi, akaliweka begi chini, akavua viatu na kuketi kwenye ngazi. Nikaificha mikono kwapani isije ikagusa kitu. Jua lilikuwa kali juu ya kamba ya nguo, na mimi, nisiyejua kusubiri hata chai ipoe, nilikuwa naiombea rangi isikauke.