Nyumbu wa Kabula

Asubuhi hiyo, kama asubuhi zote, Kabula alinawa mikono, akapaka siagi kidogo kwenye chuchu za Mbula, akaanza kukamua. Mbula alikuwa nyumbu tangu msimu wa kuuza pamba. Maziwa yake yalikuwa mepesi kuliko alipokuwa ng'ombe, lakini yaliganda vizuri, na watu wa kijiji kile cha mwisho mashariki ya Bariadi, pale mashamba yanapokoma na pori la hifadhi linapoanza, waliyanywa bila neno. Aliyelalamika ni jirani yake Nyanda, naye alilalamikia povu.

Jinsi Mbula na wenzake walivyokuwa nyumbu si siri. Kiangazi kile walikuja watu na gari, wakang'oa bikoni ya mpaka, wakaisimika upya katikati ya shamba la pamba la Kabula. Kabula hakuulizwa. Ng'ombe nao hawakuambiwa. Kesho yake walitoka kwenda kwenye majani waliyoyala tangu marehemu Bujiku, mume wa Kabula, akiwa hai, na askari wakawakamata wote kwa kosa la kulisha ndani ya hifadhi. Siku ya kuwapiga mnada dalali aliinua fimbo ataje bei, akatazama zizini, akaona nyumbu wamesimama wanacheua. Masikio yao yalikuwa na ule mkato wa ukoo wa Bujiku, kila moja.

Dalali alikuwa mtu wa kazi yake. Alisema nyumbu ni mnyama wa serikali, na anayemuuza hulala ndani, akashusha fimbo akaenda kwenye mbuzi. Nyumbu wakafunguliwa, wakaswagwa mpaka porini. Kabla jua halijazama walikuwa wamesimama mlangoni kwa Kabula, wanangoja kufunguliwa zizi.

Askari wa hifadhi aliyetumwa kuja kusema naye aliitwa Method. Alikuwa kijana wa Binza, Maswa, na yeye mwenyewe alikuzwa kwa maziwa.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, mwanangu. Kaa hapo kwenye kigoda."

Method hakukaa. "Mayu, hawa sasa ni wanyama wa serikali. Kuwafungia zizini ni kosa."

"Zilipokuwa ng'ombe zangu, kosa lilikuwa kula majani ya serikali," alisema Kabula. "Sasa ni za serikali, zinakula majani yangu. Serikali imekamatwa?"

Method alisema ataulizia. Aliulizia kweli, akarudi na jibu la swali jingine. Ofisi ilikuwa imegundua kwamba kila jioni Kabula hupiga mbinja, ile ile aliyoitia Bujiku ng'ombe wake, na kwamba mbinja hiyo ndiyo inayowatoa wanyama hifadhini. Akipiga tena, atafikishwa mahakamani.

Kabula akaacha. Si kwamba aliogopa. Alikuwa anafikiri, na kwake kufikiri ni kazi ya kimya. Jioni nyumbu walikuja wakasimama ng'ambo ya bikoni, masikio juu, mpaka giza likawafunika. Hakuna aliyewaita. Baada ya muda wakaanza kusimama mbali zaidi. Kisha likapita kundi kubwa la nyumbu wa kuzaliwa, wale wasio na historia, wakielekea kaskazini, na wa Kabula wakaanza kulifuata nyumanyuma.

Hilo lilimuuma. Alijua kwamba wakivuka nyanda zile hawatamjua tena mtu, na kazi yote ya Bujiku itakuwa imeishia kwenye picha za wageni. Naye hakuweza kuwafuata. Mwanakijiji akikutwa porini na fimbo ni mchungaji haramu, na akikutwa bila fimbo ni jangili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Joyness alifika jioni kwa miguu akitokea barabarani, msichana wa Dar es Salaam mwenye begi la mgongoni lililompita kimo. Alikuwa akizunguka nchi kutafuta wanyama. Usambara alimwona kinyonga mwenye pembe, na katika kisiwa cha Rubondo alimwona swala aitwaye nzohe amesimama majini mpaka shingoni. Aliomba mahali pa kusimika hema. Kabula alimpa ugali na mlenda, na maziwa mgando yaliyobaki.

"Matamu," alisema Joyness. "Ya ng'ombe gani?"

"Ya nyumbu."

Joyness aliongeza kidogo kwenye ugali wake.

"Wewe wanakuachaje uingie huko?" Kabula aliuliza.

"Naingia tu, mama. Getini unasema umekuja kuona wanyama, wanakupa askari mwenye bunduki, mnatembea."

"Wanakuuliza umetoka kijiji gani?"

"Hapana. Wanaangalia begi."

Asubuhi begi lilikuwa mgongoni kwa Kabula. Kofia ya Joyness ilimkaa vizuri, na viatu alivaa vyake vya tairi. Joyness alifuata nyuma na kamera yake. Getini alikuwa Method. Alimtazama Kabula juu mpaka chini, akamsalimu, akauliza kama anavyopaswa kumuuliza kila mgeni amekuja kuona nini.

"Ng'ombe zangu."

"Wanyamapori," alisema Method, taratibu.

"Ng'ombe zangu," alisema Kabula.

Method hakuona kifungu kinachomzuia mgeni kukosea jina la mnyama. Alichukua bunduki, akatangulia.

Walitembea kwenye migunga mpaka jua likawa kali. Wakalikuta kundi, limetanda uwanda mzima, vichwa chini. Kabula alitoa magadi mfukoni, maana mkono mtupu haulambwi, akaanza kuita kwa sauti ya kawaida: Mayala, Kulwa, Doto, Mbula. Mbinja hakupiga. Katika nyumbu wote wale, wachache waliinua vichwa, wakaja moja kwa moja.

"Wageni hawaruhusiwi kugusa wanyama," alisema Method.

"Mimi sijamgusa mtu," alisema Kabula, mikono imelowa mate. "Waambie wao waache kunilamba."

Mbula hakuja. Walimkuta nyuma ya kichaka, amelala, anazaa. Mimba ilikuwa ya fahali wa Nyanda, ya kabla ya mnada, na hilo lilionekana mara ndama alipotoka: mwekundu, paji jeupe, nundu imeshaanza kujionyesha. Mbula alimlamba kwa ulimi wake wa nyumbu mpaka akasimama. Joyness alipiga picha moja, kisha akaweka kamera chini.

Method alimtazama ndama. "Mayu, kuna ng'ombe ndani ya hifadhi. Inabidi nimkamate."

"Ameingia saa ngapi?"

"Hakuingia. Lakini yumo."

"Hebu shika hiki," Kabula alimwambia Joyness, akitoa hema begini, kisha jiko dogo, kisha nguo. Joyness alivipokea vyote, akajitwika hema kichwani. Kabula alimwingiza ndama miguu kwanza, akafunga kamba za begi, akaacha kichwa nje. Akaliweka mgongoni kama wanawake wa kwao wanavyobeba kila kitu kinachopaswa kuishi.

Getini Method aliwatangulia, akasimama upande wake wa kizuizi, akauliza kama anavyopaswa kumuuliza kila mgeni anayetoka.

"Begi lina nini?"

"Ng'ombe."

Ndama alilia kuthibitisha. Sheria ilikataza kutoa hifadhini mnyamapori, pembe, ngozi, yai au unyoya, na huyu hakuwa hata kimoja. Ilikataza ng'ombe kuingia na kula, na huyu hakuingia, wala hakuwa amekula jani hata moja. Kuhusu kutoka haikusema lolote. Sheria ni msumeno, husema watu, unakata mbele na nyuma, ila kijijini kwa Kabula ulikuwa haujawahi kukata nyuma hata siku moja. Method aliwaza mama yake aliyeko Binza. Akainua kizuizi.

"Wabeja, mwanangu," alishukuru Kabula.

Bikoni haikusogezwa. Ipo hadi leo katikati ya pamba, na ofisi inasema ipo mahali pake. Jioni ile Kabula alimfunga ndama kwenye bikoni yenyewe, kwa kamba ndefu iliyotosha pande zote mbili. Joyness alimuuliza kama hilo halitamletea matata.

"Bikoni imeshaniletea," alisema Kabula. "Haya ya leo ni yangu."

Ndama alisikia njaa, akaanza kumwita mama yake. Aliita kwa nguvu, na hakuna ofisi iliyokuwa imemkataza. Jua lilipoegemea migunga vumbi lilionekana upande wa pori, kisha pembe, kisha masikio yenye mkato. Mbula alikuwa mbele. Kabula aliingia ndani kuchukua kibuyu cha kukamulia.