Mifuniko Miwili

Injini ya kulia iliwaka kwa mvuto mmoja. Ya kushoto, kama kawaida yake, ilitaka kubembelezwa. Mwenye boti, Polepole, aliichomoa plagi, akaifuta kwa pindo la shati, akaipuliza, akairudisha, akavuta kamba mpaka bega likalia. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Leo tutafika, au tuhamie humu humu?" aliuliza mama mmoja wa mitumba, amelikumbatia furushi lake.

"Ukiona nakuchelewesha, shuka uogelee."

"Nikiogelea nitakuacha nyuma, baba!"

Boti nzima ikacheka. Jina la Polepole alipewa na abiria hao hao, na alikuwa ameshalizoea. Injini ikawaka kwa shingo upande na wakaondoka, pua ya boti ikienda kombo kwa sababu upande mmoja ulikuwa hauna nguvu.

Upande huu wa maji ni makazi, upande ule ni soko na hospitali. Daraja huletwa kila kampeni, na kampeni ikiisha huondoka nayo.

Mwaka jana, katikati ya maji haya, injini ya kushoto ilimfia. Mkewe alikuwa amelala sakafuni mwa boti, kichwa mapajani mwa binti yao, pumzi zikimjia moja moja. Mbele yao, gatini, ilikuwa imefungwa boti mpya ya wagonjwa, ina injini mbili ambazo hazijawahi kuonja maji. Ilifunikwa turubai. Ilikuwa inamsubiri mgeni rasmi aje kukata utepe. Polepole alivua shati akampungia mlinzi. Mlinzi naye akampungia. Walipofika gatini hapakuwa tena na haja ya daktari. Utepe ulikatwa baadaye, kwa matarumbeta na hotuba, na hakuna aliyesema ulichelewa kwa ajili ya nani.

Siku hiyo aliapa kuzing'oa injini zote mbili. Kiapo hakinunui injini. Sasa wakubwa wa bandari walikuwa wametangaza kwamba boti yenye injini chakavu haitavusha watu tena, mwisho leo, na injini za kubadilisha zinunuliwe kwenye duka moja tu waliloliidhinisha wao. Asubuhi hiyo binti yake alimwekea hati ya nyumba mkononi.

"Iweke rehani, baba. Nyumba tutapanga hata chumba kimoja. Mama hatupati mwingine."

Aliitia hati ndani ya shati, akatoka. Angejibu angelia, na alikuwa hajanywa hata chai.

Alipowashusha abiria alimpitia Fundi, rafiki yake wa siku nyingi, wakaenda dukani pamoja. Injini mbili nyeusi zilikuwa zimesimamishwa mlangoni, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Fundi alipitisha kidole ubavuni mwa moja. Kidole kikanata. Akachungulia boliti: vichwa vilikuwa vimelika kwa spana, vikapakwa rangi juu ya majeraha yao. Akavuta kamba. Ikaja laini, bila ubishi wowote, kama kamba ya kuanikia nguo, kwani ndani injini ilishalegea.

"Hizi zimekula chumvi kuliko sisi wawili," alisema.

"Ni mpya," alisema muuzaji, macho kwenye simu.

"Mpya? Rangi yenyewe haijakauka!"

"Mzee wangu, mpya ni iliyotoka dukani. Hizi zinatoka dukani. Ukipata duka jingine lililoidhinishwa, nielekeze na mimi nikanunue."

Polepole aliirudisha hati ndani ya shati. Huko nje Fundi alimshika mkono.

"Usitoe nyumba kwa kopo la rangi. Zile zako nazijua kila ugonjwa wake. Hizi sijui hata zimezikwa mara ngapi. Rudi gatini, wenzako wana mifuniko."

Polepole alivuka kurudi upande wa makazi, na kweli walikuwa nayo. Waendesha boti walikuwa wamechanga wakanunua mifuniko miwili mipya, ile ya juu inayoficha injini, yenye nembo na michoro mikali. Ukaguzi ulipoanza, mifuniko ile ilikuwa ikitembea ndani ya gunia kutoka boti hadi boti, ikivishwa injini zilizozeeka, ikivuliwa, ikisonga mbele. Mkaguzi alijua. Akimaliza boti moja alisimama, akayatazama mawingu kwa makini sana, mpaka asikie komeo za mifuniko zimebana kwenye boti inayofuata.

Gunia likamfikia Polepole.

"Shika upesi," alisema Mwenyekiti wa waendesha boti. "Anakuja."

"Ya kushoto ni mbovu."

"Nani kakuuliza habari za kushoto? Kinachokaguliwa ni mifuniko."

Polepole aliliweka gunia chini. Mkaguzi alipofika alizikuta injini ziko uchi, kutu na masizi nje.

"Bwana mkubwa," alisema Polepole, "hebu ziwashe. Zisikilize."

"Mimi ni mkaguzi, mzee. Si fundi."

"Utazijuaje basi?"

Mkaguzi alivua kofia, akajipepea. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Unataka niwashe? Sawa. Lakini nikiwasha yako, nitawasha zote. Nianze na ya Mwenyekiti?"

Kelele za gati zikafa. Polepole aligeuka, akawaona wenzake wamesimama kila mmoja kwenye boti yake. Wawili kati yao ndio waliomshushia mkewe kaburini. Hawakumtukana. Walimtazama tu, na Mwenyekiti akasema taratibu, "Ndugu yetu, sisi sote tuna watoto."

Aliinama. Akafungua gunia. Mikono ilikuwa mizito, lakini komeo zilibana mara moja, maana mifuniko ilikuwa mipya kweli. Mkaguzi akamaliza kuyatazama mawingu, akabandika stika ya kijani ubavuni mwa boti, akaisugua vizuri kwa kiganja isije ikabanduka.

Mifuniko ikavuliwa, ikaenda kwa jirani.

Jua halijapoa, akatokea bibi mmoja anamwongoza mkwewe kwenda hospitali ng'ambo, tumbo mbele, anatembea hatua mbili anasimama. Bibi alizikagua boti moja moja, akaishia kwenye ile ya Polepole, akaigusa stika kwa kidole.

"Tupande hii, mwanangu. Stika yake ni ya leo leo hii."

Yule mwanamke hakuitazama stika. Alimtazama Polepole usoni.

"Baba, itatufikisha?"

Polepole akazitazama boti nyingine, zote zina kijani ubavuni.

"Imepita ukaguzi," alisema, akampa mkono apande, kisha akainama kuitafuta kamba.