Simu ya Mama wa Maombi

Mama Heriel hakuwa mtu wa kufuta. Mwanajumuiya akimtumia ombi lake kwa sauti kwenye simu, alilitunza mpaka Mungu ajibu, na kila alfajiri alilifungua, akamsikiliza mwenyewe akieleza shida yake, ndipo akapiga magoti. Alisema ombi lazima lipelekwe na mwenye nalo. Yeye kazi yake ni kuitikia amina. Kwa utaratibu huo alikuwa amekaa miaka miwili na siri za nusu ya akina mama wa mtaa wa Maisaka, Babati, na hata moja haikuwahi kumponyoka mdomoni. Mume wake alishajaribu kumchokonoa, akaambulia chai.

Jumanne moja Joyness, mmoja wa akina mama hao, alimkuta kwenye cherehani yake, kule Bagara. Hakusalimia. Alimsogezea simu usoni akasema, "Soma."

Ujumbe ulitoka kwenye namba ngeni. Ulisema mume wa Joyness hayuko machimboni Mirerani kama Joyness anavyowadanganya watu, bali yuko gerezani, na kwamba asipotuma hela, ikifika Jumamosi saa nne watoto wake na mtaa mzima watajua. Mwisho ulimuuliza: aibu hii utaipeleka wapi?

"Hili walilijua watu wawili tu," Joyness alisema. "Wewe, kwa sababu nilikuomba maombi. Na rafiki yangu Sijaona, kwa sababu alinisindikiza mahakamani. Wewe siwezi kukudhania, mama. Ni Sijaona! Nimekula naye sahani moja miaka yote, kumbe ananisubiri. Jumamosi namtaja mbele ya jumuiya nzima, atafute pa kusali."

Mama Heriel alimkalisha, akamnywesha maji, akamwomba asimtaje mtu mpaka Jumamosi yenyewe. Joyness alipoondoka, sindano haikwenda tena. *Aibu hii nitaipeleka wapi, mama.* Maneno yale aliyajua kwa moyo. Yalikuwa kwenye sauti ya Joyness, aliyokuwa akiisikiliza kila alfajiri tangu kifungo kilipoanza. Sijaona hakuwahi kuisikia sauti ile. Iliyokuwa nayo ni simu tu.

Akafunga cherehani, akaenda kwa Mudy, fundi simu wa karibu na stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, angalia hii simu kama ina mtu ndani."

Mudy alicheka, akaipekua, halafu akaacha kucheka. "Mama, hii programu ya kusafisha simu uliitoa wapi?"

Ilimbidi akumbuke. Mwezi wa tatu alikuwa anatafuta maneno ya wimbo mtandaoni, likamrukia tangazo jekundu: simu yako ina virusi vinne, bonyeza hapa usafishe bure. Sasa Mama Heriel ni mtu anayepiga deki mara mbili kwa siku. Umwambie ana uchafu, atalala? Alibonyeza. Programu ikaomba ruhusa, akairuhusu. Ikaomba tena, akairuhusu tena, kwa heshima zote, kama anayemkaribisha mgeni sebuleni.

"Haijasafisha kitu," Mudy alisema. "Umeiruhusu isome meseji, isikilize, ichukue mafaili yote ya sauti. Ndiyo maana bando lako linakata mapema. Inabeba vitu vyako, inawapelekea wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

"Hapo sasa. Anaweza kuwa hapa Babati, anaweza kuwa ng'ambo. Tangazo halina sura, mama. Nakupigia picha za ushahidi, halafu naing'oa. Badilisha namba zako zote za siri. Ila hao akina mama usiwaambie. Nani atajua?"

Mama Heriel alirudi nyumbani na neno hilo. Nani atajua? Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akisema, hakuna atakayemtumia ombi tena, na kazi ile ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Asiposema, Sijaona atatupwa nje kwa kosa ambalo si lake. Alilipima hilo siku tatu, na kila alipolipima jibu lilikuwa lile lile.

Jumamosi asubuhi walikuwa kumi na mmoja sebuleni kwake. Joyness alikaa mlangoni, uso umekaza. Sijaona alikuwa peke yake kwenye kona, hajui kwa nini Joyness hakuitikia salamu yake. Kabla wimbo haujaanzishwa, Mama Heriel alisimama.

"Nina neno, na mtu asinikatishe. Siri ya mmoja wetu imetoka, na aliyeitoa ni mimi. Sikuitoa kwa mdomo. Nilibonyeza tangazo nikaingiza mwizi kwenye simu, naye amebeba sauti zenu. Si ya mmoja. Zote. Jumatatu naipeleka polisi. Mkinisamehe nitashukuru, msiponisamehe mna haki, lakini siwezi kumwacha mwenzetu abebe mzigo wangu."

Mama Scholastica, mkubwa wao kwa umri, aliokota kanga yake akatoka bila kuaga, na Mama Heriel akaumia zaidi kuliko kama angemtukana.

Ndipo Joyness akainuka. Alimtazama Sijaona, akashindwa kumkazia macho, akatazama sakafu.

"Mume wangu hayuko Mirerani," alisema. "Yuko gerezani. Aliiba kazini. Nimewadanganya ninyi na nimewadanganya wanangu, na wanangu nitawaambia mwenyewe nikitoka hapa." Akachukua simu yake, akaipiga ile namba ngeni, akaongeza sauti wote wasikie. Ilipopokelewa hakusubiri. "Mimi Joyness. Nipo na wenzangu, na wote wanajua. Haya, sema, tunakusikiliza."

Upande wa pili ukakata. Alipiga tena, namba haikupatikana.

Joyness alifuta uso kwa kiganja, akavuka chumba, akaketi kando ya Sijaona. "Nilikudhania wewe," alimwambia. Kisha akawageukia wengine. "Nani mwingine ametumiwa ujumbe na huyu mtu?"

Wakatazamana. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Sijaona.