Sufuria ya Vifungo

Mkaguzi aliruka kupanda juu ya cherehani, akaanguka. Huyu ndiye paka aliyezoea kutembea juu ya nguo za wateja wa bibi kana kwamba anakagua mishono. Jina lilitoka hapo. Sasa alikuwa anayumba kama mlevi, kichwa kimeinamia kifuani.

Nilimbeba kwenye kikapu cha vitambaa hadi kwa daktari wa mifugo. Bibi alikuwa na miezi mitatu kaburini. Aliniachia cherehani, mkasi na Mkaguzi, na katika hivyo vitatu ni kimoja tu kilichokuwa kinapumua.

"Anakula nini?" daktari aliuliza.

"Samaki. Kila siku."

"Wabichi?"

"Daktari, paka naye apikiwe?"

Hakucheka. "Wapo samaki ambao wakiliwa wabichi humharibia paka vitamini mwilini. Ndiyo maana anayumba. Namchoma sindano leo na kesho. Nadhani umewahi."

"Lakini bibi alimpa samaki miaka tisa!"

"Basi kuna kitu bibi yako alikuwa anafanya, wewe hukukiona."

Kauli hiyo ilinichoma njia nzima. Mimi nisione? Kila Ijumaa nilipotoka shule, soksi zimejaa vumbi, nilimkuta bibi kibarazani, sahani ya bati mapajani, anamlisha kwa vidole huku akimsuta: "Taratibu, mheshimiwa, hakuna anayekunyang'anya." Alipoondoka nikawa namlisha kila siku. Nilitaka kila siku iwe Ijumaa.

Nilimuuliza mama.

"Wewe ulikuwa unaikuta karamu, jikoni hukuwepo," alisema. "Mama yangu alimchemshia asubuhi, bila chumvi, bila kitunguu. Miiba aliitoa mmoja mmoja kwa kibano cha kuvutia nyuzi. Tena Ijumaa tu, kipande kama kiganja cha mtoto. Siku nyingine mheshimiwa alikula chakula cha paka cha dukani kama paka wenzake."

"Alichemshia kwenye sufuria gani?"

Mama alielekeza kidevu kwenye cherehani. "Si hiyo uliyotilia vifungo?"

Kumbe! Kale kasufuria kalikobonyea ubavuni.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, nilimwaga vifungo mezani, nikakaosha, nikachemsha kipande kimoja. Kutoa miiba kulinichukua muda zaidi kuliko kupinda sketi. Mkaguzi alikuja kwa miguu imara, akaruka juu ya kiti bila kuyumba, akakanyaga gauni la mteja, akakaa.

"Taratibu, mheshimiwa," nikamwambia.

Alivinusa vidole vyangu kwa muda mrefu, kama anayetafuta mshono uliofumuka. Kisha akala.