Gramu za Matabishi

Tanga nililolishona kwa mikono yangu lilirudi kwenye karakana yangu Kamalondo likiwa limechanwa kwa kisu, kuanzia juu hadi katikati. Wifi yangu Séphora alilitandaza juu ya meza yangu ya kukatia. Alikuwa ametoka Kilwa, ufukoni mwa ziwa Mweru, kwa lori, siku tatu njiani, na vumbi lilikuwa bado kwenye kope zake.

Hasira zilinipanda kabla ya kuuliza vizuri. Miaka ishirini ninashona maturubai ya malori ya mgodini, na hakuna hata moja lililowahi kurudishwa.

"Nani amefanya ushenzi huu?"

"Ni Osée, yaya."

Yaya kwetu ni dada mkubwa. Osée ni mume wake na mdogo wangu wa pekee. Anavusha watu na mizigo ziwani Mweru kwa mashua aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyerudi kwao. Mlingoti wa mashua hiyo ni mtupu ndani na una mwanya mwembamba ubavuni. Ukivuta kamba, tanga linajiviringisha na kuingia humo lote. Jua lilipoliozesha tanga la zamani, aliniandikia kwenye simu: kitambaa cha gramu mia mbili hamsini kwa mita ya mraba. Nilikwenda mjini, nikakishika dukani, nikakiona chepesi mno, cha kushonea mapazia. Nikachukua cha gramu mia nne, na wala sikumwambia. Yalikuwa matabishi yangu kwake, nyongeza ya bure. Hapa kwetu hata muuza unga humwongezea mteja konzi moja juu ya kipimo. Ningekuwa dada gani nisiyeongeza kitu?

"Upepo ilitukamata katikati ya ziwa," Séphora alisema. "Akavuta kamba. Tanga ikaingia nusu, ikajaza ule mwanya, ikakwama. Haiingie, haitoke. Mashua ikalala. Gaëlle alikuwa ndani."

Gaëlle ni binti yao wa miaka tisa.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Yuko. Osée alipanda na kisu, akakata. Lakini kamba ilikamata mukono yake. Vidole viwili vilibaki kule."

Nikakaa juu ya marobota ya turubai. Nilijaribu kukumbuka ni mkono upi anaokulia, nikashindwa, mimi niliyemlisha. Nje, mtu alikuwa akicheka kwenye baa ya jirani, na nilimchukia bure.

"Amenituma kuuliza kitu moja," Séphora aliendelea. "Anasema pengine yeye ndiye alikosea kuandika zile gramu. Halale. Anasema karibu aue mutoto wake kwa ujinga wake. Yaya, ile kitambaa iko gramu ngapi?"

Ningeweza kusema nimesahau. Angeniamini, lebo niliitupa zamani. Lakini nilimwona Osée akilini, kwenye mkeka wake, akijihesabia kosa ambalo si lake, kwa vidole vilivyobaki.

"Mia nne," nikasema. "Aliandika mia mbili hamsini. Niliongeza mimi."

Séphora hakulia wala hakunitukana. Aliinuka, akafunga upya kitenge chake kiunoni. "Twende dukani," akasema.

Kitambaa alikichagua mwenyewe. Alikizungusha kwenye mpini wa ufagio, akakivuta katikati ya vibao viwili tulivyovitenga kwa upana wa ule mwanya, kikapita bila kugusa. Ndipo akaniruhusu kukata. Nilishona siku mbili, naye alikaa pembeni ya cherehani akitazama kila mshono.

Nilipomaliza, kilibaki kipande cha nusu mita. Kwa mazoea tu mkono wangu ulikikunja, ukakitia ndani ya mfuko wa wifi yangu pamoja na tanga.

Séphora alikitoa, akakilaza juu ya meza, akakinyoosha vizuri kwa kiganja, kisha akajitwika mzigo wake na kutoka.