Mikono ya Mama Chiriku

"Funga mlango," Bibi Mkuu aliniambia. Kisha akauliza, "Jumamosi ulikuwa wapi?"

Ilikuwa Jumatatu mchana. Watoto walikuwa wamelala, na mikono yangu bado ilinukia poda. Nilijua papo hapo kwamba ana habari. Mtu asiye na habari huuliza Jumamosi ilikuwaje.

"Nilikuwa na shughuli zangu, Bibi."

"Shughuli za kupigana ngumi."

Uongo ningeupata wapi? Siku za kazi nalea watoto wadogo katika kituo chake: nawaogesha, nawalisha, nawabembeleza mpaka walale. Jumamosi navaa glavu, napanda ulingoni, napigana ndondi na wanawake wenzangu. Nilianza baada ya kujifungua, mwili ukiwa kama si wangu. Kocha akaniambia nina mkono wa kushoto ambao mtu hauoni mpaka umeshafika. Tangu hapo sijaacha.

"Mikono inayompiga mtu mpaka anaanguka," Bibi Mkuu akasema, "ndiyo hiyo hiyo inayowashika watoto wa watu? Mzazi akisikia, nimwambie nini? Mkataba uliouwekea sahihi unasema heshima ndani na nje ya kazi. Ijumaa nitakupa jibu. Na ukitoka, unatoka na mwanao."

Hapo ndipo aliponikata maini. Binti yangu, ambaye kila mtu humwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupoi, yuko chumba cha wakubwa hapo hapo kituoni. Analelewa bure kwa kuwa mama yake ni mlezi. Kazi ikienda, na nafasi yake inakwenda. Kazi nyingine ningeitafuta vipi, nimempakata?

"Nani kakuambia, Bibi?"

"Lisemwalo lipo. Nenda, watoto wataamka."

Nilitoka nikiwa na jina moja tu kichwani. Pale kazini aliyejua habari za ulingo ni mpishi peke yake, shoga yangu. Jumamosi ndiye hunishikia Chiriku. Ila Jumamosi ile alikwenda msibani kwa wakwe zake, nikalazimika kwenda na mtoto ukumbini, akakaa na mke wa kocha. Sasa nikaanza kuunganisha. Alikwenda msibani kweli? Na yule mpwa wake aliyemaliza mafunzo ya malezi na hana kazi, anayemtaja kila siku tukimenya viazi? Nafasi yangu ingemfaa sana.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne nilimkuta anatoka ofisini kwa Bibi Mkuu na sinia la chai. Aliponiona akanyamaza.

"Mlikuwa mnaongea nini?"

"Kwani kuna nini? Amesema chai ina sukari nyingi."

"Sukari tu?"

"Mwenzangu, una nini leo? Njoo ule, umekonda uso."

"Sili."

"Unafunga?"

"Naogopa sumu."

Alicheka, akidhani ni utani. Aliponiona sicheki, akaweka sinia chini polepole, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Jumatano uji wa watoto wangu ulikuja mlangoni bila salamu. Nami kila aliyepita nilimtazama mara mbili. Mlinzi aliponiambia "karibu", nikajiuliza kwa nini leo ametabasamu. Dada Miwani, mlezi wa chumba cha wakubwa, alipokohoa koridoni, nikajua ananikohoa mimi.

Alhamisi jino lilimzuia Dada Miwani kuja, nikaambiwa nikae na watoto wake mkekani.

Mkeka ni utaratibu wa Bibi Mkuu mwenyewe. Kila asubuhi, katika kila chumba, watoto wanaoweza kusema hukaa duara, kila mmoja husimulia ya nyumbani kwao, na mlezi huyarudia kwa sauti ili hata mwenye sauti ndogo asikike na wenzake. Ndiyo maana sisi walezi tunajua baba wa nani analala kwenye gari na mama wa nani hulilia bafuni. Lakini Bibi Mkuu hutuapisha siku ya kwanza ya kazi: ya mkekani hayatoki mkekani. Jioni mzazi akija getini tunamwambia, "Habari za nyumbani?" kwa uso mkavu kabisa, kana kwamba hatukuzipata asubuhi.

Basi nikakaa. Kabla sijafungua mdomo, mvulana mmoja mwenye pengo la jino akanyanyua mkono.

"Leo usitupige!"

"Nimpige nani, baba?"

"Chiriku alisema unapiga watu mpaka wanalala!"

Mkeka mzima ukacheka. Chiriku akasimama, kifua mbele, anaona fahari.

"Nilisema Jumatatu! Nikasema mama alimpiga yule shangazi puu, akaanguka, watu wakapiga makofi. Dada Miwani akarudia kwa sauti. Na Bibi Mkuu akaingiza kichwa dirishani, akaniuliza, 'Nani kaanguka?' Nikamwambia yote. Hata ya damu ya pua!"

Miaka yote tunawacheka wazazi wasiojua kwamba watoto wao wanawavua nguo mkekani, na mimi mwenyewe nimemleta wangu kwa mkono, nikamsuka nywele vizuri, nikamkalisha pale pale. Hata wazo halikunijia.

"Kwani vibaya, mama?" Chiriku akauliza. Uso wake ulikuwa umeanza kuingia mashaka.

"Si vibaya. Ulisema kweli. Kaa."

Watoto walipokwenda kucheza, niliingia jikoni. Mpishi alinipa mgongo, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Shoga, nisamehe. Nilidhani ni wewe uliyenisemea kwa Bibi Mkuu. Kumbe ni Chiriku, mkekani."

Akaendelea kusugua. "Yaani siku zote hizi ulikuwa unapigana na mimi, na mimi sina habari, sina hata glavu."

"Nisamehe."

"Na msibani? Ulidhani nimemzika nani, mbuzi?"

"Nilidhani hukwenda."

Akageuka, macho mekundu. "Kaa ule kwanza. Nikusamehe una njaa, nitapata faida gani?"

Ijumaa nikaingia ofisini. Bibi Mkuu alikuwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Nimefikiri," akaanza.

"Kabla hujasema, Bibi. Ile habari uliipata mkekani."

Akakunja uso. "Nilipita dirishani, masikio hayana pazia. Niliyasikia."

"Na yakatoka."

Nikaona kitu kinapita usoni mwake, na nikajua ni nini. Mjukuu wake, mtundu wa kuuma wenzake, yuko chumba changu. Na huyo mjukuu hakuficha kitu: wiki nzima, mkekani kwetu, alikuwa akisimulia kwamba bibi analala sebuleni kwa sababu babu amefunga mlango wa chumbani. Ulimi uliniwasha. Neno moja tu, naye angekuwa mpole kama maji ya mtungini.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, "huwa anasema nini huko?"

"Ya mkekani hayatoki mkekani. Wewe ndiye uliyetuapisha."

"Unanitisha?"

"Hapana, Bibi. Ukinifukuza leo, hayatoki. Ukiniacha, hayatoki. Ninachoomba ni hiki. Ninayempiga ulingoni amekuja kwa miguu yake, ana glavu kama mimi, na kuna refa. Tukimaliza tunakumbatiana. Hapa kwako nimewahi kumwinulia mtoto mkono? Kama shida ni mikono yangu, njoo uiangalie ikiwa kazini. Ya Jumamosi niachie mimi."

Alibeba kiti chake, akaja kukiweka kwenye kona ya chumba changu, akakaa. Asubuhi nzima. Nilibadilisha nepi macho yake yakiwa shingoni kwangu. Nilifuta pua, nikalisha, nikatenganisha wawili waliogombea kijiko. Nilivyomuona, alikuwa anangoja nikosee. Labda alitamani.

Karibu na usingizi wa mchana, mjukuu wake alikataa kulala. Nilipombeba akaniuma begani, pale pale nilipokuwa na jeraha la Jumamosi. Machozi yakanitoka. Bibi Mkuu akainuka nusu kutoka kitini.

Mtoto akikuuma, ukimvuta unachanika na meno yake unayaumiza. Nilimsogeza karibu zaidi, nikamkumbatia, pua yake ikazama kwenye nyama ya bega mpaka akataka hewa, akaachia mwenyewe. Nikampigapiga mgongo kwa ule mkono wa kushoto, nikamwimbia. Akalala akiwa bado ana hasira.

Bibi Mkuu alisimama juu ya kigodoro akimtazama. Kisha akanitazama mikono.

"Mimi hakuniachia," akasema. "Niliumwa mpaka nikampiga kofi."

Nikamvutia mtoto shuka mpaka kifuani.

"Utabaki," akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa asichotaka. "Lakini mzazi akija kulalamika?"

"Niite nimjibu mwenyewe. Sitaficha tena."

Akachukua kiti chake. Mlangoni akageuka, akashusha sauti.

"Na yale ya mjukuu wangu…"

"Yapi, Bibi?"

Alinitazama, anaupekua uso wangu kama anayetafuta sindano kwenye godoro. Nami nikamtazama vile vile ninavyowatazama wazazi wote getini. Hakuridhika. Akaondoka na kiti chake, nami nikaenda kumfunika Chiriku, aliyekuwa chumba cha pili akiongea hata usingizini.